Steji: Neno Moja, Vituo Vingi

Mmoja wa wasomaji wetu, ambaye asili yake ni Mji wa Kale wa Mombasa na makazi yake sasa ni kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, ametuletea swali linalohusu kadi ya arusi. Ameandika katika kadi hiyo kwamba wageni watakaotoka katikati ya jiji kwa matatu washuke "steji ya Adams". Babu yake, aliyesomewa kadi kwa simu, amekataa katakata. Steji, asema mzee, ni neno la manamba, halifai kutiwa katika waraka wenye heshima. Iandikwe "kituo cha Adams". Binamu zake waliokulia Nairobi nao wanasema kwamba mgeni akimwambia makanga amshushe kituo cha Adams atatazamwa kama mtu aliyeshuka jahazini jana. Tumeombwa tuamue baina yao.

Tutaamua, inshallah, lakini si kabla ya kulifuata neno lenyewe. Tumeona kwamba lina safari ndefu kuliko ya matatu yoyote ya Nairobi, na kwamba liko pahali, si barabarani tena, ambapo kutolielewa kunaweza kumgharimu mtu zaidi ya nauli.

Tuanze na mgeni wa Pwani. Akishuka treni ya reli mpya pale Syokimau, huchukua treni ndogo hadi stesheni kuu ya mjini. Akitoka nje ya lango la stesheni hiyo, tayari yuko katika steji: ni Railways, ambako kwa miaka mingi magari nambari 111 ya Ngong yamekuwa yakiita abiria. Tangu hapo hatalikwepa neno hilo. Ataelekezwa steji ya Kencom, ambayo jina lake ni la jengo. Ya Ambassadeur, jina la hoteli. Ya Odeon, jina la jumba la sinema. Na ya Koja, ambayo ni Makhoja wenyewe, kwa ajili ya jamatkhana yao ya mawe ya miaka ya 1920 iliyo kandokando yake. Wengi wasemao "nishushe Odeon" hawajapata kutazama sinema humo maisha yao yote. Jumba limesahauliwa kazi yake, steji imelihifadhi jina.

Magharibi mwa jiji mambo ni yayo hayo. Katika barabara ya Ngong mna Prestige, Adams, Junction na Dagoretti Corner. Katika Waiyaki Way mna Westlands, ABC, Kangemi, Uthiru, Kinoo, na pia pahali paitwapo kwa tarakimu tupu, 87. Lakini kwa maoni yetu lililo zuri kuliko yote ni la Kawangware. Magari ya huko yalipewa nambari 46, nayo yakafika na kugeuka pahali pamoja siku zote, hata pahali penyewe pakaitwa Forti Siksi. Leo mtu atakwambia anaishi Forti Siksi, ana duka Forti Siksi, mwanawe anasoma karibu na Forti Siksi. Kwa kawaida gari hupewa jina la mahali liendako. Hapa mahali pamepewa jina la gari.

Na steji si pahali pa kupandia gari tu. Ni soko la mahindi ya kuchoma na njugu, ni pahali pa miadi, ni anwani ya mtu asiye na anwani. Waendeshaji wa bodaboda wana steji zao, na kila steji ina mwenyekiti, daftari la majina, na mara nyingi chama cha kuwekeana akiba. Mwendeshaji akishukiwa jambo, swali la kwanza aulizwalo si jina lake wala la baba yake, bali "wewe ni wa steji gani?" Asiyekuwa na steji ni kama asiyekuwa na mtaa wala mzee wa kumtambulisha. Babu mwenye kadi huenda asijue kwamba neno analolidharau limekuwa, kwa vijana wengi wa Nairobi, ndilo jina la jamaa yao ya kazi.

Sasa, Waingereza wenyewe hawasemi hivyo. Mwambie mtu wa London leo kwamba unamngojea katika stage, naye atadhani wewe ni mwigizaji. Mahali pa kupandia basi wao hupaita kwa neno jingine kabisa. Limetufikiaje basi?

Asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama, stare. Kutokana nacho Wafaransa wa zamani walipata jina la mahali pa kusimama au ghorofa ya nyumba, na Waingereza wakalichukua kwao. Likawa sakafu iliyoinuliwa, kisha sakafu ya waigizaji. Kwa upande mwingine likawa mahali pa kupumzikia katika safari, na hata masafa yaliyo baina ya mapumziko mawili. Katika karne ya 17 yalikuwako Uingereza magari ya kukokotwa na farasi yaliyobeba abiria kwa nauli. Kila baada ya maili kumi au kumi na tano farasi waliochoka walifunguliwa, wakafungwa wapya. Kipande hicho kimoja cha njia kiliitwa stage, na gari lenyewe likaitwa stagecoach. Farasi walipokwisha na mabasi yakaja, neno halikufa mara moja. Lilibaki katika sheria, ambapo sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 iliyaita mabasi ya kawaida kwa neno hilo, na likabaki katika tiketi: njia ya basi iligawanywa vipande, na kila kipande kilipopitwa nauli ilipanda. Mwenye kupanda basi alihesabu steji ili ajue atalipa kiasi gani.

Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, chini ya utawala wa Waingereza na kwa desturi za mabasi yao. Sisi hatuoni ajabu kwamba neno la tiketi lilishuka likawa neno la mahali. Na kuna kioja cha historia ambacho hatuwezi kukipita: mwaka 1991 kampuni kubwa ya mabasi kutoka Uskoti, jina lake Stagecoach, ilinunua sehemu kubwa ya Kenya Bus Service, na ikaiuza mwaka 1998. Kwa miaka hiyo Nairobi ilikuwa na mabasi yenye jina la gari la farasi, yakisimama katika steji, na hakuna abiria aliyejali.

Uingereza wameliacha neno, sisi tumelihifadhi. Waganda nao wanalo, kwa bodaboda zao. Watanzania walichukua ndugu yake, stendi. Na sote, kutoka enzi za reli ya zamani, tuna dada yao mkubwa, stesheni. Wawili kati yao, steji na stesheni, ni watoto wa kile kitenzi kimoja cha Kilatini cha kusimama; stendi ni jamaa yao wa upande wa lugha za Kijerumani, na asili yake nayo ni kusimama. Mgeni wetu wa Pwani atokaye stesheni na kuingia steji amevuka kizingiti cha nyumba moja.

Tumfikirie sasa babu na neno lake, kituo. Hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo.

Kituo hutokana na kutua, na kutua asili yake ni kushusha: ndege hutua, mzigo hutuliwa, jua hutua, na moyo ukiacha kuhangaika hutulia. Washairi wetu huuita mshororo wa mwisho wa ubeti kituo, kwa kuwa maana hutua hapo. Wanafunzi wa chuoni hufundishwa vituo vya kisomo, mahali pa kutua pumzi. Wenye kuandika hutia kituo mwisho wa sentensi. Lakini kabla ya hayo yote, au sambamba nayo, kituo kilikuwa neno la msafara. Mpagazi aliyetoka Pwani na mzigo wa kiasi cha frasila mbili kichwani au begani, yaani karibu kilo 30, alikuwa na jambo moja la kulitazamia mchana kutwa, nalo ni mahali pa kuutua. Mwendo wa siku ulipimwa kwa vituo. Mtu hakuuliza ni maili ngapi. Aliuliza ni vituo vingapi. Ni sawasawa kabisa na stage ya Mwingereza mwenye gari la farasi, ila kwetu sisi farasi walikuwa ni watu, na hawakubadilishwa njiani.

Na misafara hiyo ilipita wapi? Ilipita hapohapo zinapopita nambari 111 leo. Kabla Nairobi haijakuwako, wakati pahali pake palipokuwa bwawa la maji baridi na malisho ya Wamaasai, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikitua Ngong, mahali ambapo wasafiri walipaita Ngongo Bagas. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa kupata chakula kwa urahisi: walinunua kwa Wakikuyu maharagwe, viazi na nafaka, kisha wakashika njia ya Naivasha wakijua kwamba mbele ni nchi ya wafugaji, wasiolima. Mwaka 1883 Mwingereza wa Uskoti, Joseph Thomson, alipita huko akiwa pamoja na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, mtu aliyeijua njia hiyo kabla ya mgeni wake. Mwaka 1890 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alijenga boma Dagoretti ili misafara ya kwenda Uganda ipate kununulia chakula hapo. Boma halikudumu, mwaka uliofuata likajengwa jingine upande wa Kabete. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kando yake.

Kwa hiyo Dagoretti na Ngong zilikuwa vituo miaka kadhaa kabla mji wenyewe haujazaliwa, na waliotua mizigo hapo walikuwa watu wa Pwani, wakizungumza Kiswahili. Anayedhani kwamba kituo ni neno la vitabuni lililoletwa juzi na walimu, na steji ndilo la mji, amegeuza historia chini juu.

Basi hukumu yetu juu ya kadi ni hii. Katika karatasi, babu ana haki: iandikwe "kituo cha matatu cha Adams", na hakuna mgeni atakayepotea kwa kuisoma. Garini, binamu wana haki: mgeni apaze sauti aseme "steji ya Adams", tena aseme mapema, kwa kuwa makanga hana subira na wenye fasaha. Tunamsihi mzee asilitukane neno. Halikuokotwa jaani, limekuja kwa njia yake, na linafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na lile lake.

Maana ya pili, ya jukwaa, tutaipita kwa haraka kwa sababu haina utata. Jukwaa la Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952 mkabala wa hoteli ya Norfolk, linajulikana na wote. Lisilosahaulika zaidi ni lile la Kamirithu, Limuru, ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao, wazi bila ya paa. Mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ulianza kuonyeshwa hapo Oktoba 1977, na wiki chache baadaye serikali ikaufutia kibali. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kutokana na maana hii ya waigizaji Kiingereza kimezaa kitenzi kinachopendwa sana na magazeti yetu, na ambacho wafasiri hukipotosha kila siku. Watu wakisemwa kwamba "wame-stage" maandamano, maana ni kwamba wameyafanya; ikisemwa kwamba wizi fulani ulikuwa "staged", maana ni kwamba haukuwa wizi, ulikuwa mchezo wa kuigiza. Herufi mbili tatu zinamtoa mtu katika ushujaa na kumtia katika uongo. Anayetafsiri taarifa ya habari na ajihadhari.

Tumefika sasa mahali tulipopakusudia, nalo ni hospitali.

Kwa miaka mingi hospitali ya Kenyatta, pale Upper Hill, ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma pekee nchini yenye mashine za tiba ya mionzi. Wagonjwa wa saratani kutoka Lamu, Malindi, Kwale na Mombasa walipanda basi usiku kucha, wakapokewa na jamaa zao wa Kawangware, Kibera au Eastleigh, wakakaa huko wiki na miezi. Sasa Mombasa nayo ina kituo chake cha saratani katika hospitali ya Coast General, alhamdulillah, na safari zimepungua. Hazijaisha. Nyumba nyingi za watu wa Pwani jijini bado zina chumba kimoja ambacho hulala mgonjwa, mama mkubwa, ami au shangazi, na kijana wa nyumba ndiye ampelekaye kliniki na ndiye mkalimani wake.

Huko kliniki neno letu lipo. Daktari husoma karatasi, kisha husema kwa Kiingereza: stage two, stage three, stage four. Kijana hugeuka kumtazama mzee wake, na kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa macho anatakiwa apate neno la Kiswahili.

Neno lililo karibu ni hatua, na ndilo linalotumiwa na wataalamu katika vijitabu vya afya. Si kosa. Lakini tazama hatua inavyoishi katika midomo ya watu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni unyayo unaosogezwa mbele. Mtoto akianza kwenda, amepiga hatua. Mtu akifanikiwa, amepiga hatua. Nchi inayoendelea imepiga hatua. Serikali ikiamka, huchukua hatua. Hatua kwetu ni jambo jema, ni kusogea mbele, na kadiri zinavyozidi ndivyo heri inavyozidi.

Tulimjua mama mmoja wa Kisauni aliyekuja kutibiwa Nairobi na kufikia kwa mwanawe, Kawangware. Alikuwa na saratani ya titi. Hospitali hatutaitaja, wala haikuwa na lawama. Daktari alisema stage three. Mwana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, umefika hatua ya tatu." Mama akauliza ziko ngapi. Mwana akasema nne. Mama akashukuru, akatoka kliniki uso umekunjuka. Alikuwa amefahamu kwamba matibabu yana hatua nne na kwamba yeye, kwa vipimo vyote vile alivyopigwa, amekwisha maliza tatu. Usiku ule alimpigia dadaye simu kumwambia kwamba imebaki moja. Juma lililofuata alimtuma mjukuu wake amkatie tiketi ya treni, apate kufunga Ramadhani nyumbani.

Mwanawe alijua kwamba mama amekosea, na hakusema. Sisi hatumlaumu kwa wepesi. Neno lilimpa mahali pa kujificha naye akajificha, kwa huruma. Wangapi miongoni mwetu wangefanya tofauti, wakitazamwa na mama zao namna ile? Lakini huruma hiyo ilikuwa ikihesabu siku. Saratani ya hatua ya tatu haimngoji mtu arudi baada ya Idi.

Yafaa tueleze hapa kile ambacho madaktari hukusudia. Utaratibu wa kuipanga saratani hivyo ulianzishwa na Mfaransa, Pierre Denoix, katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, ili daktari wa Paris na wa kwingineko wazungumzapo juu ya mgonjwa wafahamiane. Hutazamwa mambo matatu: ukubwa wa uvimbe wenyewe, kama ugonjwa umefika katika tezi za limfu za jirani, na kama umesafiri hadi viungo vya mbali, mfano mapafu, ini au mifupa. Kutokana na hayo hupatikana tarakimu. Kwa jumla, ya kwanza ni uvimbe mdogo usiotoka ulipozaliwa. Ya pili na ya tatu ni uliokua au uliofika jirani. Ya nne ni uliosafiri mbali. Tarakimu hiyo hutolewa ugonjwa unapogunduliwa, na kwa kawaida haibadilishwi hata ugonjwa ukizidi au ukipungua baadaye. Wataalamu huongeza maelezo, hawafuti ile ya kwanza. Kwa hiyo si ngazi ambayo mgonjwa huipanda siku hata siku. Ni kumbukumbu ya mahali ugonjwa ulipokutwa.

Hapo utaona kwamba si mama peke yake aliyekosea. Yupo mwenye kosa la upande wa pili, naye ni wa Nairobi zaidi. Akisikia steji ya nne, hufikiri kama abiria: steji ya mwisho, gari ligeuze, watu wote washuke. Tumesikia jamaa wakianza kukusanyana kwa ajili ya msiba na mgonjwa bado yuko hai, anakula, anasali kwa miguu yake. Saratani ya hatua ya nne ni jambo zito, na mara nyingi haiponi kabisa, lakini wako watu wanaoishi nayo miaka kwa matibabu, na nyingine huitikia dawa kuliko nyingine. Tena tarakimu yenyewe haina maana bila ya kujua ni ya ugonjwa gani. Maradhi ya figo hupangwa katika hatua tano, na ya tano ndiyo ya figo kushindwa na damu kuhitaji kusafishwa kwa mashine. Mwanamke anayejifungua ana hatua tatu, na ya tatu ni ya kutoka kondo la nyuma, mtoto akiwa tayari mikononi mwa mkunga.

Wengine, wakiona tatizo la hatua, hukimbilia daraja. Tunawashauri wasifanye hivyo. Karatasi za saratani zina kipimo kingine kando, kinachohusu sura ya chembe za ugonjwa zikitazamwa kwa hadubini na jinsi zinavyotofautiana na chembe zilizo salama; hicho ndicho kinachostahili kuitwa daraja. Mgonjwa anaweza kuwa na hatua ya kwanza na daraja ya tatu. Mkalimani akiyachanganya mawili haya, ataleta nyumbani habari ya mtu mwingine.

Nini basi kisemwe? Sisi twaona kwamba kwa mzee aliyeketi mbele ya daktari tarakimu inaweza kungoja. Kisemwe ugonjwa uko wapi. Kiswahili kinazo njia tele za kulisema hilo bila ya kuazima chochote, na nyingine zimo katika lile neno la babu. Ugonjwa umetua pahali pamoja, au umetoka? Umefika kwa jirani, au umesafiri?

Hivyo ndivyo alivyofanya muuguzi mmoja, mwanamke wa Lamu anayefanya kazi Nairobi, alipopata habari za yule mama wa Kisauni na tiketi yake. Alikuja nyumbani Kawangware jioni, akaketi naye mkekani, wala hakutaja hatua. Alimwambia: "Mama, maradhi hayakukaa ulipoyaona kwanza. Yametoka hapo, yameingia katika tezi za kwapani. Hayajakwenda mbali bado, na dawa tunayotaka kukupa ni ya kuyazuia njia." Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, je, yale aliyopigwa mpaka sasa hayakuwa dawa? Akaambiwa hapana, vilikuwa vipimo. Akauliza dawa yenyewe ni ya muda gani. Akaambiwa miezi, na upasuaji, na huenda mionzi baadaye. Akauliza kama mwanawe alijua. Muuguzi akamwachia mwana ajibu.

Tiketi ilirudishwa. Siku ya kliniki iliyofuata mama alikwenda na maswali matatu aliyoyakariri njiani, akayauliza mwenyewe kwa Kiswahili, na mwanawe akayatia katika Kiingereza neno kwa neno bila ya kupunguza. Daktari, kama tulivyosimuliwa, alifunga faili, akavuta kiti karibu, akaketi.